Zizi Linalojipanua Lenyewe

Jumatatu, 4 Agosti. Nkende.

Mimi ndiye mtu pekee kutoka hapa Nkende mpaka Mto Mara anayeijua sarafu ya mtandaoni kwa undani. Sijisifu. Hata watu wa benki wakinikuta barabarani wanapunguza mwendo. Shule niliacha darasa la tano kwa hiari yangu, walimu walikuwa wamebaki nyuma.

Nimeamka, nimenyoa ndevu, nimekunywa uji. Nimemwambia mke wangu Robi kwamba wiki ijayo nitawapa wakwe ng'ombe kumi bila kushika hata fimbo. Akasema, "Utawaswaga na nini, ulimi?" Robi mambo haya hana habari nayo.

Niandike jambo lenyewe, maana wajukuu watauliza. Ghati ni binti wa marehemu kaka yangu. Aliolewa Matongo. Amerudi nyumbani na mkono wa kushoto usionyooka, na si kwamba alianguka. Wazee wa pande mbili wamekaa, wamekata shauri: Ghati ni huru siku ng'ombe wote kumi wa mahari watakaporudi. Wote. Siku ni Ijumaa ya wiki ijayo. Jua likizama na amepungua hata mmoja, anarudi kwa mume. Mzee Wambura, baba mkwe wake, aliitikia mbele za watu. Mimi baba yake mdogo niliitikia kwa sauti kuliko wote.

Ng'ombe nimewapata Nyambureti kwa Mzee Nyamhanga. Mnunuzi ni Mwita, kaka yake Ghati, anajenga majumba Uarabuni. Atatuma kwa sarafu ya mtandaoni, maana njia nyingine zinamkata sana. Mzee Nyamhanga anaipokea kwenye simu yake, mwanawe wa Sirari alimfundisha. Ikifika kwake, anafungua zizi. Basi. Kitu chepesi kwa mtu mwenye kichwa.

Jumatano, 6 Agosti

Mwita kapiga simu. Alitaka kutuma fungu moja la ng'ombe wote. Nimemkatalia. Ng'ombe wa mahari hawaendi kama gunia la mahindi. Kila mmoja anatajwa, anatazamwa, anapita mlangoni peke yake, wazee wanaitikia, ndipo anakuja wa pili. Ndivyo walivyokwenda, ndivyo watakavyorudi. Nimemwambia atume mara kumi, kila ng'ombe na safari yake. Na ada aweke ya chini. Ya yule dume, ambaye ndiye wa mwisho, aweke ya chini kuliko zote. Dume halilipi kiingilio.

Ghati alikuwa anasikiliza. Tulikuwa kwenye kibanda chake, anauza vocha na kuchaji simu za watu. Akasema, "Baba mdogo, kila safari inapanga foleni peke yake. Umetengeneza foleni kumi."

Nikamwambia foleni naijua tangu yeye hajazaliwa.

Mwita katuma. Kisha akaaga, wanahamishiwa kambi ya jangwani, hakuna simu mpaka baada ya tarehe ishirini. Sawa. Kazi imekwisha. Nimekula ugali wa udaga na dagaa, nimelala mchana kama chifu.

Alhamisi, 7 Agosti

Hawajafika. Hata mmoja.

Ijumaa, 8 Agosti. Nane Nane.

Watu wanasherehekea. Mimi nimekaa juu ya kreti la soda kibandani kwa Ghati. Nimeshtuka.

Ghati kanionyesha kwenye simu yake. Foleni yote ya dunia iko wazi, mtu yeyote anaitazama, haifichwi. Sarafu nyingine kubwa imeanguka huko nje na wenye mali wote wamekimbilia hii yetu. Hii sarafu inasafiri kwa mafungu, wanayaita bloku. Kila baada ya dakika chache bloku moja inaondoka. Na kila bloku ina kikomo, kama lori la mnadani: likijaa limejaa, ng'ombe aliyebaki anasubiri jingine. Aliyelipa ada kubwa anapakiwa kwanza.

Ng'ombe wangu kumi wako nyuma ya dunia nzima. Dume yuko nyuma ya hao tisa.

Nimemuuliza kama Mwita anaweza kuongeza ada. Anaweza. Lakini Mwita yuko jangwani. Nimeuliza kama sisi tunaweza. Hatuwezi, mwenye ufunguo ni yeye.

Ghati hakunilaumu. Angenilaumu ningepumua. Alichaji simu za watu tu, kwa mkono mmoja na nusu.

Jumamosi, 9 Agosti. Nyambureti.

Tumekuja kwa Mzee Nyamhanga, mimi na Ghati, tukae karibu na ng'ombe. Mzee katupokea vizuri. Ana umri wa baba yangu, anasalimiwa shikamoo na hata watu wenye mvi. Kanionyesha wale kumi. Kipaji, Madoa, Pembe-moja, yule mtamba mwekundu, na dume jeusi mwisho. Wazuri. Kavu kidogo, ni kiangazi.

"Mimi simu inasema bado," kasema. "Ikisema ndiyo, nafungua. Akiingia mmoja huko, natoa mmoja huku. Sina neno na wewe, mura, kijana wangu. Lakini sitoi ng'ombe kwa maneno."

Nimemuuliza Ghati, bosi wa kikomo ni nani. Hicho kikomo cha bloku. Nimpigie, tuongee kama wanaume.

Hakuna bosi.

Nikasema acha mchezo. Mnadani kuna mtu mlangoni. Joshoni kuna mtu. Hata kanisani kuna mzee wa kupanga watu kwenye viti. Pasipo mtu, hakuna mlango.

"Hakuna mtu, baba mdogo. Kweli."

Simwamini. Anaficha kwa sababu anaogopa nitamtukana huyo bosi.

Jumapili, 10 Agosti

Nimepeleka jogoo, yule tuliyekuja naye kutoka nyumbani, kwenye mnara wa simu. Kuna mlinzi pale, kijana wa kutoka Shinyanga, alikuja kuchimba dhahabu akakosa, akapata kazi ya kulinda chuma. Nimemwambia taratibu, kwa heshima, awafikishie wakubwa wake waongeze kikomo. Si sana. Nafasi ya ng'ombe kumi tu.

Kamtazama jogoo. Kamkubali. "Nitawafikishia, mzee. Jumatatu wanakuwepo."

Ghati kaniuliza jogoo kaenda wapi. Nikamweleza. Akacheka mpaka akashika ule mkono wake mbovu. Mara ya kwanza namwona akicheka tangu arudi kutoka Matongo. Sikukasirika. Niseme ukweli, nilikasirika, lakini si sana.

Jioni Robi kapiga simu. Habari za jogoo zimefika Nkende kabla jogoo hajaiva. "Mtaalamu! Ng'ombe wako mawinguni wanakula nini huko, ukungu?" Nimekata simu. Nimesema mtandao mbaya.

Jumatatu, 11 Agosti

Leo nimeona kitu na sijui nikiandikeje. Nimeduwaa. Nilikuwa na kikombe cha chai mkononi, kimepoa mkononi.

Kikomo kimesogea.

Ghati ndiye aliyekiona. Bloku za leo zinabeba zaidi ya za Ijumaa. Si kidogo. Lori limekuwa refu. Nikaruka, nikasema, jogoo amefika! Akasema, "Kaa chini, baba mdogo." Nikakaa.

Kanieleza mara mbili, ya tatu kwa vijiwe chini. Nayaandika nisije nikasahau, kesho kutwa nimweleze mwingine kana kwamba nilizaliwa nayo.

Hakuna anayeamua. Kikomo kinajipima chenyewe. Kinatazama malori yaliyokwishapita, mengi, ya siku hizi za karibuni. Yanapangwa kwa unene, jembamba mpaka nene, halafu linatazamwa lile lililosimama katikati. Kama la katikati limejaa siku baada ya siku, kikomo kinapanda pole pole. Kama la katikati ni jepesi, kinashuka. Tajiri mmoja akijaza lori moja kwa fujo ili avute mambo, la katikati halitikisiki. Na mpakiaji, yule anayeijaza bloku na kulipwa kwa kazi hiyo, akitaka kuzidisha kuliko kawaida, anakatwa ujira wake. Kwa hiyo hazidishi mpaka awe na sababu ya kweli.

Nikauliza, nani anahesabu hivyo vijiwe?

Wote. Kila mwenye kompyuta ya mtandao ule, dunia nzima, anahesabu peke yake nyumbani kwake, kwa kanuni ile ile, na wote wanapata jibu moja. Hawajuani. Hawajawahi kukaa kikao. Anayekuja na jibu lake mwenyewe, lori lake linakataliwa na wenzake.

Nikauliza, sasa kikomo cha nini? Si waache wazi kabisa? Akasema ukiacha wazi mtu mbaya atajaza takataka, kompyuta za watu wadogo zitalemewa zizime, wabaki matajiri wachache, na hapo ndipo utapata bosi unayemtafuta.

Nimekwenda nikasimama kwenye zizi la Mzee Nyamhanga, nikaitazama miiba. Mimi nimejenga mazizi tangu mtoto. Ng'ombe wakizaliana, baba anasema ongeza, tunakata miiba, mikono inatoka damu. Wakiibiwa, baba anasema punguza, fisi asipate nafasi. Sasa fikiria zizi ambalo ng'ombe wakisongamana siku nyingi, miiba inarudi nyuma yenyewe. Wakipungua, inasogea ndani yenyewe. Na baba hayupo. Baba hajawahi kuwepo.

Hii imenishtua kuliko vita. Miaka yote hii mimi ni mtu wa mlangoni. Ukoo ukiwa na jambo, nasimama mlangoni. Mlango ukijifungua wenyewe mimi nasimama wapi?

Jumanne, 12 Agosti

Bado. Kikomo kimepanda tena lakini foleni ni ndefu, ni ya dunia. Ghati hali chakula. Mzee Wambura katuma ujumbe kutoka Matongo: atakuja Ijumaa na wazee wake na lori tupu. Na kanga mpya ya Ghati, ya kurudi nayo.

Kanga. Nimetukana mbele ya mke wa Mzee Nyamhanga. Nimeomba radhi.

Jumatano, 13 Agosti

Alfajiri. Wa kwanza amepita!

Kipaji. Simu ya Mzee Nyamhanga imelia, kaisogeza mbali na macho, kaisoma, kasema, "Huyu ndiyo." Kamtenga Kipaji upande wa pili wa zizi.

Jambo jingine la ajabu asubuhi hiyo hiyo. Ng'ombe wote wa Mzee, siyo wale kumi tu, wote, waliamka wakakimbilia mlango wa zizi wakasongamana wakilia, nusura waangushe nguzo. Mzee alitoka na blanketi begani anauliza kuna nini, chui? Mimi nilikuwa nimesimama pale pale. Nikamwambia, "Mzee, ng'ombe wanamjua mtu mzito. Wakiniona huwa wanakuja kusalimia." Kaniangalia. Kasema, "Kumbe."

Alhamisi, 14 Agosti

Madoa. Pembe-moja. Yule mtamba. Mwingine. Mwingine tena. Wanaingia kama mvua ya kwanza, tone, kimya, tone. Kila akiingia mmoja namtaja kwa jina kwa sauti na Ghati anaitikia. Ni kazi ya wazee wanaume lakini hapakuwa na mzee wa ukoo wetu, na yeye ndiye mwenye jambo.

Malori yamekuwa marefu kweli. Hakuna aliyeyarefusha. Nimeacha kuuliza.

Jioni wamebaki wachache. Ghati kala nusu ya ugali wake.

Ijumaa, 15 Agosti

Nimechoka mpaka mifupa lakini lazima niandike.

Asubuhi wamefika tisa. Tisa! Amebaki dume. Dume ambaye mimi, kwa kichwa changu, nilimwekea ada ya chini kuliko ng'ombe yeyote duniani. Yuko mwisho kabisa wa foleni. Mpaka wote waliolipa zaidi waishe, yeye hapakiwi. Ghati kasema foleni inakauka, kikomo kimepita mahitaji, atafika. Lini? "Leo au kesho."

Kesho.

Mzee Wambura alifika mchana na wazee wanne, na mume mwenyewe kabaki kwenye lori, hakushuka. Tukasalimiana. Wakakaa kwenye viti. Mzee Nyamhanga akafungua, wakapita mmoja mmoja, nikawataja, wazee wakaitikia. Wa tisa akapita.

Mzee Wambura kasema, "Dume?"

Nikasema liko njiani.

"Njia ipi? Naliona pale, limefungwa kamba."

"Hilo ni la Mzee Nyamhanga mpaka simu iseme."

"Basi simu iseme, mura. Jua halina simu."

Jua lilikuwa limeanza kuegemea. Mzee Wambura akainuka, akakung'uta kanzu yake ya heshima. Kwenye lori niliona ile kanga, bado na karatasi yake. Ghati alisimama kwenye nguzo ya mlango, simu mkononi. Uso wake ulikuwa wa mtu ambaye ameshaanza kwenda.

Sina shamba la kuuza kwa saa moja. Sina dume. Sina nguvu za kupigana na wazee watano. Nina nini mimi? Nikafungua mdomo.

Nikasema, "Mkwe, kabla hujaondoka. Uliwahi kusikia nilivyovuka Mto Mara mgongoni kwa kiboko?"

Akasema hana muda. Nikasema ni fupi. Si fupi. Nikaanza na kiboko, kwamba alikuwa na njaa na mimi nilikuwa na nusu ya muwa. Nikaingiza mamba wawili, mmoja kipofu. Mzee mmoja wa Matongo akakaa. Nikaingiza askari wa hifadhi aliyeniomba nimfundishe kuogelea. Wawili wakakaa. Mzee Wambura akasema, "Uongo huo, kiboko hali muwa."

"Ndiyo maana nilikuwa na nusu, mkwe. Nusu nyingine alishaila."

Wakacheka. Akakaa. Nikatoka kwa kiboko nikaenda kwa chui niliyemshika mkia pale mnadani akidhani mimi ni ng'ombe, na kutoka kwa chui nikaenda kwa nyoka wa mgodini mwenye jino la dhahabu. Sauti ilikauka. Mke wa Mzee Nyamhanga akaniletea togwa. Nikanywa nikaendelea. Jua likagusa vichaka. Mzee Wambura akaliona, akataka kuinuka, mzee mwenzake akamshika kanzu: "Ngoja, yule nyoka alilipwa au hakulipwa?"

Simu ya Mzee Nyamhanga ikalia.

Hakuharakisha. Kaisogeza mbali na macho. Kasoma. Kasoma tena. Kisha akainuka taratibu kama mtu anayekwenda kunawa, akafungua ile kamba, akafungua mlango. Dume likatoka peke yake, jeusi, katikati ya wanaume, jua likiwa nusu ndani nusu nje.

Nikataka kulitaja. Sauti haikutoka. Ghati ndiye aliyelitaja.

Wazee wakaitikia. Wote. Mzee Wambura naye. Ni mtu wa neno lake, hilo nampa.

Ghati aliteleza na nguzo mpaka chini, akakaa kwenye mavi ya ng'ombe na gauni lake zuri, hakujali.

Watu wakanizunguka, wakaniuliza ilikuwaje likafika saa ile ile. Nikawaambia niliuagiza mtandao upanuke, ukatii. Yule mlinzi wa mnara alikuwepo, naye akasema ni kweli, alifikisha ujumbe.

Ghati alinitazama. Akanyamaza. Ni mtoto mzuri.

Jumapili, 17 Agosti. Nkende.

Tumerudi jana. Leo hakuna jambo.

Ghati kafungua kibanda baada ya ibada. Kapaka mlango rangi ya bluu, kwa mkono wa kulia, wa kushoto unashika kopo. Watu wanamletea simu za kuchaji. Anawajibu kwa ufupi kama zamani.

Nimepita pale. Kanionyesha foleni, hakuna foleni. Ile fujo ya dunia imekwisha. Bloku zinaondoka nyepesi, na kikomo kimeanza kushuka tena, kidogo kidogo. Miiba inarudi ndani. Hakuna aliyesema irudi. Nimelitazama jambo hilo mpaka wateja wakaniambia nisogee.

Robi kapika kuku. Hakusema neno juu ya jogoo. Kaniwekea firigisi.

Kuna kitu kimoja. Hakuna anayekijua, naandika hapa tu.

Jumatano ile alfajiri. Ghati alikuwa amelala, simu yake nilikuwa nimeiazima, nimekwenda nayo kwenye zizi. Nilikuwa naitazama ile foleni. Kipaji alikuwa pale mbele kabisa, amebakiza kidogo, haingii. Bloku ikapita bila yeye. Nyingine ikapita bila yeye. Nikaona ni kama mtamba anayeogopa maji, amesimama ukingoni.

Nikapiga mluzi. Ule wa kuwaita ng'ombe birikani, tuliofundishwa tukiwa wadogo. Niliupigia simu. Niliileta mdomoni kabisa, nikapiga mluzi mrefu, halafu nikasema, "Haya mama, pita. Pita, mama."

Ndiyo maana ng'ombe wa Mzee Nyamhanga walikimbilia mlango. Walidhani ni maji. Hawakuja kunisalimia.